Kisa cha Mlima Mrima: msitu usio na magofu na leseni ya madini

Mwulize mtu wa Pwani ya Kenya ni sehemu gani za kale zinazostahili kulindwa, naye atakuhesabia Fort Jesus, Gedi, Jumba la Mtwana na mji wa kale wa Lamu. Orodha nzuri, ila kila kilichomo kimejengwa kwa mawe. Gedi ilitangazwa kuwa mahali pa kihistoria tangu mwaka 1927, na sidhani kuna aliyehitaji kubembelezwa sana: ukifika unaona ukuta, unaona msikiti, unaona kisima, na hata asiyejua historia anaelewa kwamba hapa waliishi watu wenye uwezo wao.

Mlima Mrima hauna ukuta. Uko kusini mwa Kaunti ya Kwale, si mbali sana na mpaka wa Tanzania, na kimo chake ni mita 300 na ushei tu, kwa hiyo aliyezoea milima ya bara angeuita kilima. Umefunikwa na msitu. Ndani ya msitu huo mna kaya ya Wadigo, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, mahali pa ibada na matambiko. Na chini ya msitu huo huo mna niobiamu, metali ya kuimarishia chuma, na madini adimu kwa wingi ambao umekuwa ukiwatoa watu udenda tangu enzi za ukoloni.

Machi 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni maalumu ya kuchimba hapo. Agosti mwaka huo huo leseni ikafutwa. Kampuni ikaipeleka Kenya mbele ya kituo cha kimataifa cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, kilichoko Washington, ikidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 jopo la wasuluhishi likalitupilia mbali dai hilo.

Watu wengi wanakikumbuka kisa hiki kama kisa cha madini. Mimi nakisoma kama kisa cha uteuzi. Sehemu za kale ni nyingi kuliko fedha, walinzi na subira ya serikali yoyote, kwa hiyo lazima zichaguliwe. Tunabishana sana juu ya kipimo cha kuchagulia, na tunasahau kuuliza uamuzi ufanyike lini. Mrima unajibu hilo la pili vizuri kuliko kisa kingine chochote ninachokijua.

Mahali ambapo macho hayatoshi

Kwa Wamijikenda, kaya ni kijiji cha zamani kilichojengwa kikiwa kimezungukwa na msitu mnene, mara nyingi juu ya kilima, ili adui asikifikie kwa urahisi. Simulizi za wazee zinasema waliingia humo baada ya kuhama kutoka Singwaya, upande wa kaskazini, na kwa kawaida kaya huhesabiwa kuanzia karne ya 16. Baadaye watu wakatoka taratibu kwenda kulima na kuishi nje, hata kufikia miaka ya 1940 kaya nyingi hazikuwa na wakazi tena. Kilichobaki ni uwazi katikati ya miti, njia za kuingilia, makaburi, na fingo, ile kinga iliyofukiwa ardhini wakati kaya inaanzishwa.

Hebu mfikirie mkaguzi aliyetumwa na fomu yake. Safu ya "majengo": hakuna. Safu ya "hali ya kuta": haihusiki. Fingo lenyewe halionyeshwi mgeni, kwa hiyo hata hilo hawezi kuliandika. Atatembea saa mbili, atatoka na picha za miti, na kwenye sanduku la alama ataweka namba ndogo. Fomu haikudanganya. Imeuliza maswali ya Gedi mahali ambapo si Gedi.

Akiolojia inaweza kusema zaidi, lakini inahitaji kuchimba. Henry Mutoro, mwanaakiolojia Mkenya, alichimba katika baadhi ya kaya miaka ya 1980, na alichokipata kikaonyesha kwamba watu walikuwa wakiishi sehemu hizo kabla ya tarehe ambazo simulizi za Singwaya huwa zinapewa. Hili lina uzito kwa mtu anayechagua sehemu za kulinda. Maana yake ni kwamba kaya si simulizi tupu lenye miti juu yake, ardhini kuna ushahidi halisi ambao trekta moja linaweza kuufuta asubuhi moja. Tena simulizi na ushahidi huo havikubaliani moja kwa moja, na hapo ndipo mtafiti anapopata kazi ya kufanya. Sehemu ambayo bado ina swali lisilojibiwa ina thamani kuliko ile iliyokwisha kusema yote.

Na kuna miiko. Katika kaya hukati mti, na kwa nyingi hata ukuni mkavu hautoki. Anayekiuka anatozwa, kuku au mbuzi, ili mahali pasafishwe. Katika Kaya Kinondo, ambayo imekuwa ikipokea wageni kwa utaratibu maalumu, kila anayeingia anafungwa kaniki kiunoni kwanza, awe profesa au mtalii wa pwani ya Diani. Utaratibu huu ndio uliolinda misitu hii kwa vizazi, bila askari wala uzio. Ukitazama kutoka juu, kaya nyingi ni visiwa vya kijani katikati ya mashamba ya minazi na mihindi.

Aliyezihesabu kwanza alikuwa akihesabu mimea

Kuna jambo moja katika historia hii ambalo huwa nalirudia kila nikisikia mtu anasema vigezo vya kisayansi havina upendeleo. Kaya zilianza kupata usikivu mpya wa serikali katika miaka ya 1980, na sababu kubwa ilikuwa mimea. Wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke waliizunguka misitu ya Pwani, kaya moja baada ya nyingine, wakakuta kwamba vipande hivi vidogo vya msitu vimehifadhi spishi adimu ambazo kwingine zimekwisha. Mwaka 1992 Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yakaanzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya Pwani, na kaya za kwanza zikaanza kutangazwa kuwa kumbukumbu za kitaifa.

Kwa maneno mengine, wazee walilinda msitu kwa ajili ya mizimu ya wahenga wao, wanasayansi wakaupenda kwa ajili ya mimea, na serikali ikautangaza kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya magofu. Sababu tatu zisizofanana, sehemu moja. Sioni ubaya wowote hapo. Ningependa tu kila anayeandika sababu za kulinda mahali aziandike zote, kwa sababu sababu moja ikifa nyingine zitabaki zimesimama. Ukiandika "msitu wenye mimea adimu" peke yake, kesho atakuja mtu na mpango wa kuihamishia mimea hiyo kwenye bustani.

Kwa nini sheria ya mambo ya kale na si ya misitu peke yake? Kaya nyingi zilikuwa kwenye ardhi iliyoshikiliwa kwa amana na mabaraza ya kaunti ya wakati ule. Wazee hawakuwa na hatimiliki, na diwani akiamua kukata kiwanja cha hoteli kilichotazama bahari, mzee wa kaya alikuwa na nini mkononi zaidi ya laana? Sheria ya mambo ya kale ilikuwa na mlango ambao haukudai mawe: Waziri angeweza kutangaza mahali popote anapoona pana umuhimu wa kihistoria, pamoja na ardhi inayopazunguka. Sheria ya mwaka 2006 inayosimamia makumbusho na turathi imeuacha mlango huo wazi. Tangazo linatoka katika gazeti rasmi la serikali, wenye pingamizi wanapewa miezi miwili, kisha linathibitishwa au linaondolewa.

Kazi kavu, ya ofisini. Mistari michache kwenye gazeti ambalo hakuna anayelisoma akiwa kwenye matatu. Lakini Mrima uliingia humo.

Makufuli matatu

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana watu husimulia kama kwamba mlima ulitengwa kwa kutojua kilicho chini yake. Si kweli. Wanajiolojia walikuwa wameutoboa Mrima katika miaka ya 1950 wakitafuta niobiamu, na walijua wanachokitazama: mabaki ya volkano ya kale, mwamba wa aina inayojulikana duniani kwa kubeba madini ya namna hii. Udongo wake una toriamu, metali yenye mionzi, kiasi cha kuufanya uwe miongoni mwa sehemu zenye mionzi ya asili ya juu kuliko kawaida. Mwaka 1961, baada ya yote hayo kujulikana, msitu ukatangazwa kuwa hifadhi. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukaongezewa hadhi ya kumbukumbu ya kitaifa kwa sababu ya kaya. Ukapewa pia hadhi ya hifadhi ya mazingira ya asili. Makufuli matatu kwenye mlango mmoja, kila moja na ufunguo katika ofisi yake.

Leseni ya Cortec ilitolewa tarehe 7 Machi 2013. Uchaguzi mkuu ulikuwa umefanyika tarehe 4. Nchi nzima ilikuwa imekodolea macho ukumbi wa Bomas ikisubiri hesabu ya kura za urais, na katika siku hizo hizo karatasi ya mlima mzima ikapigwa muhuri. Serikali mpya ilipoingia, Waziri wa madini Najib Balala alifuta leseni zilizotolewa katika kipindi kile cha mpito, na hii ikiwemo. Kampuni nayo ilikuwa imetangaza kwamba thamani ya madini adimu ya Mrima inafika dola bilioni 62.4. Namba ya mwenye mali anayetafuta mnunuzi, isome hivyo.

Huko Washington hoja ya kampuni ilikuwa rahisi: tulipewa leseni, tumenyang'anywa, tulipwe. Jopo likauliza kwanza kama leseni yenyewe ilikuwa halali, na likajibu kwamba haikuwahi kuwa. Kulikuwa hakuna tathmini ya athari kwa mazingira iliyokidhi sheria, na idhini zilizotakiwa kwa eneo lenye hadhi za ulinzi hazikupatikana. Leseni iliyotolewa kinyume cha masharti hayo ni kama haikutolewa, na kisichokuwepo hakinyang'anywi. Kampuni ikaamriwa kulipa gharama za Kenya, zaidi ya dola milioni 3. Ombi lake la kutaka uamuzi utenguliwe lilikataliwa mwaka 2021.

Sitaki kuipaka kumbukumbu ya kitaifa sifa isiyo yake. Haikushinda peke yake. Sheria ya mazingira na hadhi ya hifadhi ya msitu zilibeba mzigo mkubwa, na kaya ilikuwa kufuli mojawapo. Lakini tazama kilichokosekana katika kesi nzima: hakuna mzee wa Kidigo aliyelazimika kusimama mbele ya wasuluhishi wa kigeni na kuwathibitishia kwamba wahenga wake wapo pale. Hakuna aliyeombwa kuweka utakatifu kwenye mizani pamoja na dola bilioni 2. Mizani ya namna hiyo anayeishika huwa na mkono mzito upande wa fedha. Swali la kama Mrima unastahili kulindwa lilikuwa limejibiwa zamani, siku ambazo hapakuwa na mnunuzi mlangoni, na jopo lilichofanya ni kusoma jibu.

Ndiyo maana nasema uamuzi wa kulinda ni wa siku za utulivu. Kamati nyingi huanza kuorodhesha sehemu za kale pale greda linapoonekana barabarani. Hapo kila hoja ya kihistoria inasikika kama kisingizio, hata ikiwa ya kweli. Mwekezaji atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza, "mbona hamkusema mapema?" Na tishio, kwa maoni yangu, halifai kuwa kipimo cha thamani. Linaweza kuamua uanze na ipi wiki hii. Ukiligeuza kuwa alama kwenye fomu, sehemu zilizotulia hazitaandikwa kamwe, na zikija kutishwa zitakuwa hazina karatasi.

Orodha ya dunia haikuutaja

Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya katika Urithi wa Dunia. Zilichukuliwa misitu 11 kati ya makumi yaliyopo, iliyotawanyika katika umbali wa kilomita 200 hivi za pwani: za Rabai, Giriama, Jibana, Kambe, Kauma, Ribe, Duruma, na Kinondo kwa upande wa Wadigo. Mwaka uliofuata mila zenyewe za kaya zikaingizwa katika orodha ya zinazohitaji kuokolewa haraka. Mrima haumo kati ya hizo 11.

Mkoa mzima ulisherehekea, na ilistahili. Lakini orodha ya juu ina tabia ya kuzifanya sehemu zilizobaki nje zionekane za daraja la pili, hata machoni pa maofisa wenyewe. Bajeti inafuata jina. Wageni wanafuata bajeti. Kilichosaidia kuuokoa Mrima ni daraja la chini kabisa, tangazo la nyumbani, na hilo linaweza kutolewa kwa mahali padogo pasipojulikana na mtu nje ya tarafa. Ningekuwa ofisa wa utamaduni wa kaunti nisingetumia mwaka wangu wa kwanza kuandika barua za UNESCO. Ningeutumia kuhakikisha kila kaya, kila kaburi la mbuyuni, kila kisima cha kale kina ramani yenye mipaka iliyopimwa, maana tangazo lisilo na mpaka halimzuii mtu. Jirani analima mita mbili kila msimu na hakuna wa kumwambia amevuka.

Nani anasema kwa niaba ya mlima

Sasa upande usiopendeza. Kusema "jamii inautaka mlima ulindwe" ni rahisi ukiwa Nairobi. Kwale ni kaunti yenye umaskini mwingi, na kijana asiye na kazi anayeambiwa kwamba anakanyaga mabilioni ana haki ya kuuliza anayalinda kwa faida ya nani. Wapo wanaokataa uchimbaji kabisa na wapo wanaoukubali kwa masharti: fidia ya haki, kazi, shule, sehemu ya mrabaha. Wameshaona mfano karibu nao, mchanga wa titani uliochimbwa huko huko Kwale kuanzia miaka ya 2010 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Familia zilihamishwa kuupisha. Kila mtu ana ushahidi wake kutoka kisa hicho, wa kuukubali mgodi au wa kuukataa.

Na wazee wenyewe mamlaka yao yamepungua. Wadigo wengi ni Waislamu, na wapo mashehe wanaoona matambiko ya kaya kuwa shirki, kama walivyo wachungaji wanaoyaita ushetani kwa Wamijikenda Wakristo. Kilifi wamewahi kuuawa wazee kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma mna mgogoro wa shamba. Kwa hiyo mlinzi ambaye sera inamtegemea ni mtu mwenye umri mkubwa, asiyelipwa, ambaye kijana wa jirani anaweza kumwogopa au kumdhuru. Mpango wa ulinzi unaoandika "wazee wa kaya watasimamia" halafu ukaishia hapo umemtupia mzigo mtu asiye na mgongo wa kuubeba.

Hili linanifanya niongeze kigezo ambacho fomu nyingi hazina: nani analinda mahali hapa sasa, kwa njia gani, na nini kitamfanya aache? Kwangu mimi swali hilo lina uzito kuliko umri wa mahali. Gofu la karne ya 15 lisilo na mtu wa kulijali litaliwa na mizizi likiwa na kibao cha serikali mlangoni. Kaya yenye watu wanaoiheshimu inaweza kukaa karne bila kibao. Ila heshima hiyo ikikatika, na hakuna karatasi, inakwisha ndani ya msimu mmoja wa mkaa.

Mlango haujafungwa

Madini adimu yamezidi kutafutwa kwa ajili ya sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo, na Kenya imeyaweka pamoja na niobiamu katika orodha ya madini yake ya kimkakati. Mrima umerudi midomoni. Safari hii sidhani mwombaji yeyote mwenye wakili mzuri atajaribu kupita dirishani. Atapita mlangoni: atataka mipaka ibadilishwe kwanza. Kwa sheria ya misitu ya mwaka 2016, kubadili mpaka wa msitu wa umma ni jambo la kupelekwa Bunge la Taifa au Seneti kwa ombi rasmi, baada ya wananchi kushirikishwa. Hadhi ya kumbukumbu ya kitaifa nayo itabidi ishughulikiwe peke yake, kwa utaratibu wake.

Serikali ina haki ya kuufungua upya uamuzi wa zamani. Uamuzi wa 1961 na wa miaka ya 1990 ulifanywa na watu, na watu wanaweza kuubadilisha. Ninachotaka kuona mezani siku hiyo ni sababu zote zilizoandikwa mwanzo, kila moja ikijibiwa: kaya itakuwa wapi wakati mlima umegeuzwa shimo, ni nani aliyechimba kiakiolojia kabla ya wachimba madini kuingia, udongo wenye toriamu utamwagwa wapi, na ni wazee gani waliotia sahihi, kwa jina la nani, wakiwa wamesomewa maandishi hayo kwa Kidigo. Na kikao kifanyike Mrima, si katika hoteli ya Diani.